Kikombe chenye Baba Krismasi si pambo la Krismasi

Kila msimu wa sikukuu unapokaribia, ankara ninazoletewa huwa na maelezo mafupi mno: "mapambo ya Krismasi". Shehena nzima, mstari mmoja, namba moja ya HS (mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa ajili ya forodha), yaani 9505.10. Tukifungua katoni tunakuta vitu ambavyo kitabu cha ushuru kimevitawanya katika sura tano au sita.

Kifungu 95.05 ni cha vitu vya sikukuu, kanivali na burudani, na 9505.10 ndani yake ni ya Krismasi. Humo mnaingia mti bandia, mipira ya kuning'iniza, nyuzi zinazometameta, malaika, na sanamu za pango la Noeli pamoja na ng'ombe na kondoo wake. Ukivitazama vyote, havina kazi nyingine zaidi ya kupamba sikukuu. Hilo ndilo ninalowasisitizia waagizaji: usiangalie picha iliyochorwa, angalia kitu kinafanya kazi gani.

Chukua kikombe cha kauri chenye picha ya Baba Krismasi. Kina mkono wa kushikia, kinanywewa chai, kinaoshwa na kurudishwa kabatini. Maelezo ya kisheria yaliyo mwanzoni mwa sura ya 95 yanaviondoa vyombo vya mezani na vya jikoni, mazulia, mashuka, vitambaa vya meza na vinginevyo vyenye matumizi ya kawaida. Vyote hivyo huainishwa kwa malighafi yake. Kikombe cha poseleni kitakwenda 69.11, cha kauri ya aina nyingine 69.12. Kitambaa cha meza kilichojaa nyota kitakwenda 63.02, hata kama kinatandikwa siku moja tu kwa mwaka. Mwagizaji huona ameonewa hapa, na ninamwelewa, lakini sheria haikuacha mlango.

Taa za kamba nazo zimetolewa kwenye sura ya 95. Ni za 94.05. Tangu tarehe 1 Januari 2022, toleo jipya la HS limezigawa: zilizotengenezwa kutumia LED pekee ni 9405.31, nyinginezo 9405.39. Kwa hiyo ankara isiyotaja aina ya taa haijitoshelezi. Mshumaa ni 34.06 hata ukiwa na umbo la mti. Mti wa asili uliokatwa ni 06.04. Kitako cha kusimamishia mti, kikija peke yake, hufuata malighafi yake.

Seti zina hesabu yake. Boksi moja la rejareja lenye mti bandia, mipira na kamba ya taa, likiuzwa hivyo hivyo bila kufunguliwa, huainishwa kwa kitu kinachoipa seti tabia yake ya msingi, na kwa kawaida hicho ni mti. Lakini vitu vilivyorundikwa tu katoni moja ili kubana nafasi si seti. Kila kimoja kina mstari wake. Kosa hili nimeliona likizuia mzigo mpaka gharama za kuhifadhi zikaanza kuhesabiwa, kwa bidhaa ambazo sikukuu ikipita hakuna anayezitaka.

Ndiyo maana ninaomba picha ya kila bidhaa kabla mzigo haujapakiwa, mbele, nyuma, juu na chini, pamoja na malighafi yake. Kuna malaika mmoja wa kauri ambaye kwa picha ya mbele nilikuwa nimeshamwandikia 9505.10. Picha ya juu ilipofika niliona viganja vyake vimeshika kikombe kidogo cha duara, chenye mwiba wa chuma katikati. Mwiba ule ni wa kuchomekea mshumaa. Alikuwa kinara, na nikamhamishia 9405.50.