Sumaku ya paipu ya petroli haipunguzi matumizi

Kwa miaka mingi wenye magari ya zamani wameuziwa sumaku za kufungwa kwenye paipu ya petroli, kwa ahadi kwamba hupanga upya chembe za mafuta ili yaungue vizuri zaidi. Sumaku hizo haziibadilishi petroli, na injini iliyorekebishwa vizuri tayari huunguza sehemu kubwa mno ya mafuta. Kinachopotea hasa ni joto linalotoka nje kupitia ekzosi na rejeta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya aina mbalimbali vinavyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, na vichache mno vilipunguza matumizi, tena kidogo. Ni heri fedha hiyo inunue chujio la hewa, kwani kwenye gari la kabureta (kifaa cha kuchanganya hewa na petroli) chujio lililoziba hufanya petroli izidi hewa, na plagi zikifunguliwa huonekana nyeusi kwa masizi.