Mgeni mkaazi, anzia Uhamiaji kabla ya kuja NIDA

Bado wapo wengi wanaoamini kwamba kitambulisho cha NIDA ni cha Mtanzania peke yake. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), iliyoundwa mwaka 2008, inasajili makundi matatu ya watu waliotimiza miaka 18: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Mgeni mkaazi ni mtu wa nchi nyingine anayeishi hapa kihalali kwa miezi sita au zaidi. Mtalii hahusiki, wala aliyekuja kumsalimia dada yake Arusha kwa mwezi mmoja.

Jambo moja naomba lieleweke kabla ya mengine yote. Kitambulisho cha mgeni hakimpi mtu haki ya kuishi nchini. Haki hiyo inatoka Uhamiaji, na kitambulisho kinafuata nyuma yake. Asiye na kibali cha ukaazi hana cha kusajili kwetu, hata kama ameishi Mbagala miaka kumi na mtaa mzima unamfahamu. Kibali hicho kina madaraja: daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C linachukua wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Aliyeajiriwa anahitaji pia kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015.

Majirani zetu wa Afrika Mashariki ndio wanaojikwaa zaidi hapa. Mkenya, Mganda au Mrundi haombi viza, na akiingia anaweza kugongewa muhuri wa hadi miezi sita. Basi anaona yuko nyumbani, anafungua saluni au anapata kazi ya ualimu, miezi inapita. Muhuri ule ni wa matembezi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza 2010 limelegeza mambo mengi, lakini halikufuta kibali cha ukaazi wala cha kazi.

Kutokana na hilo linazaliwa kosa ambalo linaniumiza, kwa sababu mara nyingi linaanzia kwenye huruma. Mtu amekwama, jirani mwenye nia njema anamwambia: "Jiandikishe tu kama mtu wa Kigoma, Kiswahili unakijua, mjumbe tutaongea naye." Asikubali. Kujisajili kama raia huku si raia ni kosa la jinai, na anayetoa uthibitisho wa uongo naye anaingia matatani. Ubaya wake haufutiki kwa urahisi: alama za vidole zikishaingia kwenye mfumo kama za raia, siku mtu huyo atakapoomba kibali halali kwa jina lake halisi, vidole vilevile vitamsuta. Kesi ya namna hiyo huvunja hata ndoa na ajira.

Onyo hilohilo linawahusu ndugu zetu waliorudi kutoka ughaibuni. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Aliyezaliwa Moshi, akachukua uraia wa Marekani kwa hiari yake, mbele ya sheria ni Mmarekani, hata kama shamba la babu lipo na cheti cha kuzaliwa kipo. Akitaka kuishi hapa anaanzia Uhamiaji apate ruhusa halali, kisha anasajiliwa kama mgeni mkaazi. Najua linachoma. Kwa upande mwingine, Warundi waliokuja 1972 na baadaye wakapewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, ni raia kamili, na wanasajiliwa kama raia kwa vyeti vyao vya uraia. Asiwepo wa kuwaelekeza kwenye fomu ya wageni.

Ukija ofisi ya NIDA ya wilaya unayoishi, njoo na pasipoti halisi, kibali halisi na nakala zake. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Kishoka, yaani wakala asiye rasmi, anayekuambia mpe pasipoti na pesa atakushughulikia, mkimbie. Utachukuliwa picha, saini na alama za vidole, na hayo hakuna wa kukufanyia. Wanaoshika saruji kila siku vidole hulika, mashine ikasumbua kusoma. Nawa vizuri, paka mafuta kidogo siku chache kabla, na mwambie afisa mapema.

Muda mwingi utumie kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mmarekani aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1988 amezoea kuandika 03/07/1988. Afisa wetu atasoma tarehe 3 Julai, na namba itaanza na 19880703 badala ya 19880307. Kosa hilo litamfuata kwenye laini ya simu, benki na Mamlaka ya Mapato (TRA). Andika mwezi kwa jina lake. Mwethiopia naye asitumie kalenda ya kwao, ambayo iko nyuma kwa miaka saba au minane. Aandike kilichomo kwenye pasipoti.

Majina vilevile. Kuna watu ambao jina la tatu ni la babu wala si la ukoo, na kuna Wahindi wenye jina moja tu kwenye pasipoti. Usibuni jina la kujaza nafasi. Tazama mistari miwili ya herufi iliyo chini ya ukurasa wa picha, ulinganishe na kibali herufi kwa herufi. Kibali kikiwa na kosa, rudi Uhamiaji kirekebishwe kwanza.

Mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo wa matumizi kwenye vitambulisho vya raia. Kwa mgeni tarehe ya ukomo bado ipo, maana inategemea kibali chake. Ukipata kibali kipya, usingoje benki ikufungie akaunti. Njoo nacho tuhuishe taarifa zako wiki hiyohiyo. Na ukibadilisha mwajiri au daraja la kibali, hilo nalo ni badiliko la kutuletea.