Kidole Hakiozeshi Boga

Nilipokuwa mdogo, kule Muheza, kulinyooshea boga changa kidole lilikuwa kosa la kuchapwa. Kama ulilazimika kulionesha, ulikunja ngumi, la sivyo lingeoza. Imani hii utaikuta sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na imedumu kwa sababu maboga machanga huoza kweli. Leo unaliona la kijani, ukubwa wa limau. Kesho kutwa ncha yake imegeuka njano, limelegea, na ukiligusa tu linakubakia mkononi. Basi aliyepita jana akanyoosha kidole ndiye anayesingiziwa.

Ukweli uko kwenye ua, na ukitaka kuuona inabidi uamke mapema. Mche mmoja wa boga una maua dume na maua jike. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake hata kabla halijachanua. Hilo jike hufunguka asubuhi moja tu, na saa tano au sita limeshajifunga. Nyuki asipopita katika saa hizo chache, kiboga hakikui. Kinanyauka, kinaanguka, na hakuna aliyekiroga.

Kama kwenu nyuki ni wachache, fanya kazi yao mwenyewe. Saa moja asubuhi chuma ua dume lililofunguka, toa petali zake, kisha pakaza ule unga wa njano kwenye kichwa cha katikati cha ua jike. Kichwa hicho kina sehemu tatu, zipakaze zote. Na ukipuliza dawa ya wadudu, subiri jioni maua yakiwa yamefunga, maana dawa ya asubuhi inaua nyuki hao hao unaowahitaji.

Ila si kila boga linalooza limekosa nyuki. Lipasue. Ukikuta funza weupe, huyo ni nzi wa matunda, ametoboa ganda changa na kutaga mayai. Wengi hulitupa pembeni mwa bustani, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa upya: funza hushuka udongoni na kutoka wakiwa nzi. Lifukie futi mbili chini. Yaliyobaki yavishe mfuko wa karatasi mara tu yanapoanza kunenepa.

Lipo kosa jingine linaloniuma zaidi, la kung'oa mche kwa kuwa "ni dume". Mtu anaona maua kumi yamechanua na kuanguka bila tunda, anakumbuka mpapai dume, anashika jembe. Kwa mpapai yuko sahihi, maana mpapai unaweza kuwa dume mti mzima. Boga haliko hivyo. Maua ya mwanzo kwa kawaida huwa dume, na majike hufuata siku kadhaa baadaye. Vumilia. Maua dume yaliyozidi yapike pamoja na msusa kwa tui la nazi. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake.

Kuhusu msusa wenyewe, si kweli kwamba ukichuma majani umeua boga. Chuma machanga machache kila mche, ukizungusha. Ukikata ncha, mche huchipua matawi ya pembeni. Anayevuna majani yote ndiye atakayekosa maboga, sawa na anayejaza mbolea ya yurea: atapata majani ya kujivunia na matunda ya kuhesabu.

Wengine huogopa kupanda boga karibu na tango au tikiti, eti ladha zitachanganyika. Hayachavushani kabisa. Boga huchanganyika na boga jamaa yake, na hata hapo tunda la msimu huu halibadiliki. Mabadiliko yapo ndani ya mbegu, utayaona mwakani. Ndiyo maana mbegu ya kutunza itoke kwenye boga lililokomaa, tamu, la kienyeji. Mbegu za chotara la dukani hazikupi boga lile lile. Na boga likiwa chungu, usile wala usitunze mbegu zake. Uchungu ule ni sumu.

Mbegu zioshe, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa. Huna haja ya kitalu: boga halipendi kusumbuliwa mizizi, kwa hiyo panda pale pale litakapokaa, mbegu mbili au tatu kwa shimo lenye samadi iliyooza, kina cha sentimita 2 hadi 3, mashimo yaachane kama mita 2. Joto likiwepo, ndani ya wiki moja hivi zimeota. Bakiza mche wenye nguvu.

Usivune kwa kuangalia rangi tu. Kandamiza ganda kwa ukucha: ukucha ukizama, bado. Kikonyo kikishakauka na kuwa kigumu kama ukuni, kata kwa kisu, uache kipande chake kwenye boga. Lisilo na kikonyo huanza kuoza pale pale lilipokatikia.