Kupima viuatilifu kwenye mkojo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Maabara hutafuta kiuatilifu chenyewe, yaani dawa ya kuua wadudu au magugu.
Mara nyingi sivyo. Ini huvunja viuatilifu vya oganofosfeti (kundi la dawa za wadudu zinazoathiri neva) haraka, na kinachotoka kwenye mkojo ni mabaki yake. Klorpirifosi, mojawapo ya oganofosfeti, huacha baki liitwalo TCPy. Pirethroidi nyingi (kundi jingine la dawa za wadudu), zikiwemo permethrini na sipermethrini, huacha baki liitwalo 3-PBA. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu 3-PBA haitaji ni dawa ipi hasa iliyoingia mwilini. Tena mabaki ya aina hii yanaweza kuwa yameshaundwa juu ya tunda au mboga kabla ya kuliwa. Mlaji huyameza yakiwa hayana tena sumu ya awali, na mashine huyahesabu vilevile. Glifoseti na 2,4-D, ambazo ni dawa za magugu, ziko tofauti: hutoka karibu jinsi zilivyoingia.

Dhana: Majibu yakiwa safi, hujawahi kuguswa na dawa.
Viuatilifu vingi vya siku hizi huisha mwilini ndani ya saa au siku chache. Aliyenyunyizia shamba mwezi uliopita anaweza kukutwa hana kitu. DDT, inayojificha kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, hutafutwa zaidi kwenye damu. Isitoshe, "hakikuonekana" maana yake ni kwamba kiasi kiko chini ya uwezo wa kipimo, si kwamba hakipo.

Dhana: Ni suala la kuchovya kijiti.
Kijiti cha kawaida cha zahanati huonyesha sukari na protini, si viuatilifu. Huku kazi ni ndefu. Mabaki mengi hutoka yakiwa yamefungwa na sukari ya mwilini, hivyo huwekwa kimeng'enya cha kuyafungua, kisha huchujwa kutoka kwenye chumvi na uchafu mwingine. Mwanzoni kabisa mtaalamu huongeza kiasi anachokijua cha kemikali ileile iliyotengenezwa kwa kaboni-13 au deuteriamu (aina nzito za kaboni na haidrojeni). Chochote kitakachopotea njiani, pacha huyu hupotea kwa uwiano uleule, na hesabu hurekebishwa. Kwangu hii ndiyo hatua ya werevu kuliko zote. Mwishowe kromatografia hutenganisha kemikali, na spektromita ya masi huzitambua kwa uzito wake.

Dhana: Namba kubwa, sumu nyingi.
Aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi, na namba yake hushuka. Ndiyo maana matokeo hugawanywa kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo. Sampuli yenye kreatinini iliyo nje ya gramu 0.3 hadi 3 kwa lita kwa kawaida hukataliwa. Lakini kreatinini hutegemea misuli, kwa hiyo kumlinganisha mtoto na mtu mzima kwa njia hii kunataka uangalifu.

Dhana: Mabaki yakionekana, umeshaugua.
Kipimo hiki huonyesha kilichoingia mwilini, si madhara yake. Kwa oganofosfeti, madhara hufuatiliwa kwa kupima kolinesterasi (kimeng'enya ambacho dawa hizi hukizuia) kwenye damu, pamoja na dalili. Mgonjwa anayetokwa mate, aliyebanwa kifua na mboni zimekuwa ndogo, hutibiwa papo hapo bila kusubiri majibu ya mkojo.