Kishamba cha kulungu msituni: tafuta jua kwanza, mbegu baadaye

Ikifika Agosti, watu huanza kuingia ofisi za ugani hapa Kentucky wakiwa na mfuko wa mbegu mkononi, wakitaka kupanda kishamba cha kuwavuta kulungu wa kuwinda. Mfuko una picha ya dume la kulungu lenye pembe kama matawi ya mti mkavu, na maandishi yanayoahidi kwamba mbegu hizi huota kivulini bila jembe. Siku hizi baadhi yao ni Waswahili wa Louisville na Lexington, watu wa Kivu na Burundi waliopata kipande cha msitu au ruhusa ya kuwinda kwa jirani. Swali lao ni nimwage wapi. Nami huwauliza kwanza: hapo mahali jua linapiga saa ngapi kwa siku?

Tuelewane kidogo kuhusu jina. Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe si yule kulungu wa vichaka vya Afrika. Huyu pembe zake huanguka kila kipupwe na kuota upya, na chakula chake kikubwa ni machipukizi, majani laini na mbegu za mwaloni, siyo nyasi. Kwa hiyo kishamba unachompandia ni kitafunio tu. Shibe yake inatoka msituni.

Rudi kwenye jua. Aliyelima maharage chini ya migomba anajua kwamba kivuli si kimoja: kuna kivuli chenye madoadoa ya mwanga, na kuna giza. Chagua siku angavu ya Julai, ingia msituni saa nne asubuhi, saa sita, saa nane na saa kumi, na kila mara chomeka vijiti ardhini pale jua linapogusa. Sehemu iliyopata vijiti angalau mara tatu mfululizo, yaani kama saa nne za jua la moja kwa moja kwa siku, inafaa kwa klova nyeupe, mmea mfupi wa jamii ya maharage ambao kulungu huupenda. Chini ya hapo usijisumbue, au fungua mwanga.

Kufungua mwanga si kukata hovyo. Mialoni iache, maana mwaloni mmoja mkubwa katika mwaka mzuri unamwagia kulungu chakula kingi. Ondoa miti ya mepo nyekundu na miti midogo iliyosongamana, hasa upande wa kusini, ambako jua la huku hupitia mchana. Misitu mingi ya Kentucky tayari ina mianya iliyoachwa na miti ya ashi, inayouawa na mdudu wa kijani mtoboa magome aliyegunduliwa jimboni humu mwaka 2009. Mianya hiyo ni bure, lakini ashi iliyokufa hukatika vibaya na kuangusha matawi bila kutoa taarifa. Kama hujazoea msumeno wa mnyororo, mlipe mtu wa kazi hiyo.

Halafu udongo. Udongo wa chini ya miti hapa mara nyingi ni wa tindikali: pH, yaani kipimo cha tindikali, huwa 5 au chini yake, na klova inataka 6 hadi 7. Hapo ndipo fedha nyingi za mbegu hupotelea. Chimba vikonzi kumi vya udongo hadi kina cha sentimita 10, vichanganye kwenye ndoo safi, na upeleke kiasi cha vikombe viwili katika ofisi ya ugani ya kaunti yako. Kaunti zote 120 zina ofisi. Majibu yatakwambia umwage chokaa kiasi gani kupunguza tindikali hiyo. Kishamba cha mita 20 kwa 25, yaani kama ekari moja ya nane, kikiambiwa tani mbili kwa ekari kitahitaji mifuko 12 au 13 ya kilo 18. Ni mzigo wa kubeba mgongoni porini, lakini hauna njia ya mkato. Chokaa huchukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo imwage mapema, kabla hujafikiria kununua mbegu.

Sasa ule mfuko wenye picha. Ugeuze, usome kibandiko cha nyuma. Mara nyingi utakuta uzito mkubwa ni nyasi ya rai ya mwaka mmoja, na klova yenyewe imepakwa ganda ambalo linaweza kuwa theluthi ya uzito. Nimeona pia watu wakinunua mchanganyiko wa bustani ya nyumbani ulioandikwa "kwa kivulini". Huo mara nyingi huwa na nyasi ya fesku, na fesku ya Kentucky 31, iliyotolewa na chuo kikuu cha jimbo hili mwaka 1943, inastawi kweli. Ila kulungu anaipita kama hajaiona.

Mimi ningenunua vitu viwili tu. Nafaka ya rai, ndugu wa ngano, ambayo si ile nyasi ya rai na inavumilia udongo mbovu: kilo 6 kwa kishamba tulichokitaja. Na klova nyeupe, nusu kilo, ikiwa imechanganywa na bakteria wake wa mizizi. Panda mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba, mvua ikikaribia. Kwangua majani makavu kwa reki hadi uone udongo, mwaga rai, ikwaruze iingie, kisha mwaga klova juu na uikanyage kwa miguu. Klova ikifukiwa zaidi ya nusu sentimita haitoki.

Oktoba miti itapukutisha majani juu ya miche yako. Hapa ndipo vishamba vingi vya msituni hufia, mwenyewe akidhani mbegu ilikuwa mbovu. Rudi na mashine ya kupuliza majani mara mbili au tatu. Baada ya hapo msitu unakusaidia: matawi yakiwa matupu, klova inapata jua la Novemba, na tena la Machi na nusu ya Aprili kabla majani mapya hayajafunga. Ndiyo sababu inaweza kuishi mahali ambapo mahindi yangekufa.

Kuhusu sheria, mazao yaliyooteshwa hayahesabiwi kuwa chambo cha kulungu, lakini lundo la mahindi lililomwagwa ni chambo. Ugonjwa wa kukondesha kulungu ulithibitishwa Kentucky mwishoni mwa 2023, katika kaunti ya Ballard, na kuna maeneo ya uangalizi ambako chambo kimekatazwa. Angalia ramani ya idara ya wanyamapori kila msimu. Aliyezaliwa tangu Januari 1, 1975 kwa kawaida anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Na usipande chochote kwenye msitu wa serikali.

Mwisho, zungushia wavu wa waya duara la mita moja katikati ya kishamba, kulungu wasiingie. Baada ya wiki sita linganisha ndani na nje. Mimea ya ndani ikiwa imerefuka na ya nje imenyolewa hadi chini, wageni wapo. Dungu lako la kuwindia liweke upande ambao upepo unatoka kishambani kukujia, na njia ya kuliendea isikatize kwenye klova.