Besi, trauti na perege wa Hombolo: uongo tuliouziana kuhusu kuvua kwa fimbo

Mbukwenyi wana Dodoma. Kwanza niombe radhi, maana sehemu kubwa ya uongo unaozunguka hapa mjini kuhusu kuvua kwa fimbo nimeusambaza mimi mwenyewe. Ilikuwa hivi, nilikuwa naangalia video za Wamarekani wakivua besi (samaki wa kwao mla samaki wenzake), nikaagiza Kariakoo boksi la samaki bandia, wale wa plastiki wenye ndoano tatu tatu tumboni, Jumamosi yangu ya kwanza bwawa la Hombolo nikarusha kama mara ishirini hivi, kambale wa kilo mbili akadaka. Basi imeisha hiyo. Mwaka mzima nikawa nahubiri ofisini kwamba siku hizi hakuna haja ya kuchimba minyoo, watu wawili wakanunua maboksi kama langu, mmoja alitumia hela ya tairi la pikipiki, na hesabu ya mwaka mzima kwa watu watatu ikawa kambale mmoja, yule yule wa siku ya kwanza.

Kwa hiyo tuanzie hapo hapo kwenye dhambi yangu.

Wanasema: samaki bandia anashika samaki yeyote, cha msingi ujue kurusha

Hapana jamani. Yale makopo na maplastiki yametengenezwa kwa ajili ya samaki mla samaki anayewinda kwa macho. Besi (nasema samaki, sio besi ya spika) ana mdomo kama begi, anajificha kwenye majani au kando ya gogo, kitu kikipita mbele yake kama samaki aliyeumia anakirukia. Perege wetu hana shida hizo. Yeye muda mwingi anakula mimea midogo ya kwenye maji, uchafu uliooza chini, wadudu wadudu, mdomo wenyewe mdogo, sasa unamrushia samaki wa plastiki wa sentimita kumi wa nini? Anakushangaa tu. Perege mpe mnyoo au donge dogo la ugali uliokandwa ukakaza, ndoano ndogo, boya jepesi, kaa kimya. Kambale yeye anakula kila kitu, kwa hiyo siku moja moja atadaka hata plastiki na ndo anavyokuharibu akili kama alivyoniharibu mimi, lakini maji ya Hombolo mvua zikinyesha yanakuwa rangi ya chai ya maziwa na kambale anatafuta chakula kwa harufu na zile sharubu zake, plastiki haina harufu ya kitu chochote. Utumbo wa kuku unayo.

Na wenzetu wanaovua trauti, yule samaki wa mito ya baridi, nao tunawasingizia. Watu wanasikia wanavulia nzi wanadhani wanakamata nzi wa kweli wanamchoma kwenye ndoano. Yule nzi ni ndoano ndogo iliyozungushiwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu, haina uzito kabisa, kwa hiyo kinachorushwa pale ni ule mshipi wenyewe mnene, ndo wenye uzito, na ndo maana unawaona wanaupeleka mbele na nyuma hewani kama mtu anayefukuza ng'ombe. Kwa fimbo yetu ya kawaida ni kinyume chake, chubwi au chambo kizito ndo kinavuta mshipi. Ukinunua fimbo ya trauti ukaiwekea rili ya kawaida (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) na chubwi utahangaika nayo mpaka uiuze.

Wanasema: serikali ingeleta trauti na besi mabwawa ya Hombolo na Mtera, watalii wangejaa

Hii naisikia kila tukikaa kwenye nyama Msalato. Kuna mambo mawili tofauti kabisa hapa na watu wanayachanganya.

Trauti hawezi. Sio kwamba hatujajaribu, hawezi tu. Ni samaki wa maji baridi, anataka nyuzi 10 mpaka 16 hivi, zikipita 20 anaanza kuteseka, zikifika 25 wengi wanakufa. Sababu kubwa ni hewa, maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi, maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 kwa lita, yakifika 25 inabaki 8 na kitu, na samaki mwenyewe kwenye joto anahitaji hewa nyingi zaidi, kwa hiyo anabanwa huku na huku. Alafu mayai yake anayataga kwenye changarawe yenye maji yanayotembea. Mtera iko kama mita 700 tu juu ya usawa wa bahari, chini hata kuliko hapa mjini, ukiweka mkono kwenye maji saa nane mchana ni kama umeandaliwa maji ya kuoga. Ndo maana wakoloni walipoleta trauti Afrika Mashariki waliwapeleka milimani. Kenya waliwaanzishia mito ya Aberdare mwaka 1905, na kwetu waliwekwa kwenye vijito vya Kilimanjaro na huko Mbeya kwenye mto Kiwira. Ukiwa na hamu ya trauti panda basi uende huko, ulizia kwanza utaratibu, alafu beba koti.

Besi sasa ndo habari nyingine, yeye angeweza. Anapenda maji ya uvuguvugu yasiyokimbia, Naivasha aliletwa mwaka 1929 kutoka Marekani akakaa, akazaliana. Na kwa sababu angeweza ndo maana sitaki hata kusikia mtu akisema tumlete. Besi anakula vifaranga vya samaki wengine, na Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957, lina familia zinazoishi kwa perege. Sisi Watanzania hatuhitaji kusimuliwa hii na mzungu, sangara alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 50, leo viwanda vipo na hela ipo, sawa, lakini furu, wale samaki wadogo wa ziwa, wa aina mamia walipotea na hawarudi tena. Kuna jamaa aliwahi kuniambia eti atabeba vifaranga kwenye ndoo kutoka Kenya aje avimwage usiku. Nilimwambia kaka, kuhamisha samaki kutoka maji mpaka maji bila kibali ni kosa la kisheria, na hata kama isingekuwa kosa, bwawa sio ndoo, ukishamwaga huwezi kuchota tena ukasema nimeghairi.

Na kama unataka samaki wa kupigana naye, mto Ruaha Mkuu unaoingia Mtera uko kwenye mfumo wa mito ya Rufiji, na huo mfumo una yule samaki mwenye meno ya nje nje kama msumeno ambaye wageni wanamwita taigafishi, wazungu wanakata tiketi ya ndege kumfuata. Sisi tunawaza besi.

Kwa huyo wa meno kuna uongo mwingine mdogo, kwamba mshipi mnene unatosha. Hautoshi, anakata. Unaweka kipande cha waya wa chuma kati ya mshipi na ndoano, sentimita ishirini thelathini hivi, basi.

Wanasema: ndoano namba 12 ni kubwa kuliko namba 6

Hili limetula hela wengi na wenye maduka hawakwambii kwa sababu nao hawajui. Namba ikipanda ndoano inapungua. Namba 12 ni ndogo kuliko 6, na 6 ni ndogo kuliko 2. Alafu ukifika namba 1 mambo yanageuka, inaandikwa 1/0, 2/0, 3/0, hapo sasa namba ikipanda na ndoano inakua. Perege wa Hombolo mimi natumia kati ya 8 na 12, kambale naanzia 1/0. Nilishawahi kumtuma mtu ndoano namba 10 za perege akaniletea za namba 2 kwa sababu muuzaji alimwambia hizi ndo kubwa kidogo zina nguvu, tukarudi na ndoo tupu, perege wanakula mnyoo pembeni pembeni wanaiacha ndoano kama mtoto anavyoacha ganda la muwa.

Wanasema: mshipi wa kilo 5 hauwezi kumtoa samaki wa kilo 8

Unaweza, tena vizuri tu. Samaki akiwa ndani ya maji uzito wake ni kama hamna, ana kibofu cha hewa tumboni kinachomfanya aelee, unachopigana nacho ni nguvu ya mkia wake na sio kilo zake. Kinachokusaidia ni fimbo kupinda na breki ya rili kuachia. Hapa ndo wengi tunaharibu, tunakaza breki mpaka mwisho kama tunafunga nati ya gurudumu, samaki akivuta mara moja tu, pwaa, mshipi umekatika na unalaumu Wachina. Breki iachie kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 5 basi breki ianze kuachia kwenye kilo moja na robo, moja na nusu hivi. Mimi nilipima kwa ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia maharage, nilifunga mshipi kwenye kulabu yake mke wangu akashika mizani mimi navuta fimbo sebuleni, watoto wakadhani baba kachanganyikiwa.

Lakini siku ya kumtoa nje usimnyanyue kwa mshipi, hapo uzito wote unarudi. Tumia wavu wa mkono.

Fundo nalo. Kabla ya kulikaza lilowanishe kwa mate au maji, maana nailoni ikisuguana kavu inapata joto na inadhoofika pale pale kwenye fundo, ndo maana mshipi mwingi unakatikia hapo na sio katikati.

Na kwa wale wa kilo nyingi, besi mkubwa kuliko wote kwenye kumbukumbu ni kilo 10 tu na kidogo, alivuliwa na George Perry kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Mjapani Manabu Kurita akaja kumfikia mwaka 2009 kwenye ziwa Biwa. Kambale wa kilo 10 ukimpeleka sokoni hata hawageuki.

Wanasema: usiongee, samaki atakimbia

Nusu kweli. Samaki anasikia, tena kambale ana vimifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, anasikia kuliko perege. Ila sauti ya hewani karibu yote inagonga uso wa maji na kurudi, kwa hiyo pigeni tu stori za Simba na Yanga. Kinachowafukuza ni mtikisiko. Ukikanyaga kingo kwa kishindo, ukidondosha ndoo ndani ya mtumbwi, hiyo wanaipata mara moja kwa ule mstari wa ubavuni wanaohisi nao maji yakitikisika. Kuna kijana alikuja na spika akailaza chini kwenye mtumbwi, besi inapiga mpaka mbao zinatetemeka, siku hiyo hatukupata hata chambo kuguswa.

Wanasema: ingia mpaka kiunoni kama wale wa kwenye video

Hili ndo linanitisha. Wale wa trauti wanasimama mtoni kwa sababu maji yao ni ya baridi yanakimbia, na wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Mtera kuna mamba na viboko, sio hadithi, waulize wavuvi wa pale kwa nini hawasimami kwenye maji jioni. Hata palipo salama na mamba kuna kichocho, na hicho nacho kina uongo wake, watu wanadhani unakipata kwa kunywa maji au kukojoa bwawani. Mkojo wa mgonjwa ndo unaopeleka mayai kwenye maji, yanaingia kwa konokono, kisha vijidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama tu unasubiri boya lizame, hausikii chochote, na kwa kichocho cha mkojo vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, muda ule ule tunaopenda kuloweka miguu. Vaa gambuti, simama kavu. Ukiona damu kwenye mkojo nenda zahanati upimwe, dawa ni praziquantel na wanakupa kwa kukupima uzito, sio kwa kukadiria.

Leseni nayo wanasema ndoano moja haihusiki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inahusu uvuvi, sio nyavu peke yake, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri umuulize kabla ya kwenda, ni dakika kumi.

Wanasema: perege anakula watoto wake

Hili nimeliacha nyuma kwa sababu ni juzi tu. Nimemtoa perege, saizi nzuri ya sahani, namtoa ndoano akatapika vitu vidogo vidogo vyenye macho kwenye ndoo, kama hamsini hivi. Jamaa yangu anasema umeona, mchawi huyu, anakula wanae. Huyo ni mama. Akishataga na dume akapitisha mbegu anayabeba mayai mdomoni, anakaa nayo mpaka yanaanguliwa, na hata watoto wakishaogelea wakiona hatari wanarudi kinywani, na muda wote huo hali kitu au anakula kidogo sana, huyu wangu nadhani alidaka mnyoo kwa bahati mbaya. Nikaiinamisha ndoo majini taratibu, watoto wakatoka, nikamwachia na mama yao. Jamaa alinicheka kuanzia Hombolo mpaka tunaingia Ihumwa, akawa anamwelezea kondakta, kondakta naye akamwelezea dereva.