Asili ipi mnayotaka turudishe?

Juzi tena. Nimesimama chini ya roshani za ile nyumba ya dispensari ya zamani, Barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kijana mmoja akaniambia: "Fundi, mngeirudisha hospitali kama zamani. Sasa imepoteza asili yake."

Mwanangu, haikupata kuwa hospitali ile iliyokusudiwa. Tajiri mfanyabiashara Tharia Topan aliianza mwaka 1887, jubilei ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Akafariki 1891. Ujenzi ulipokamilika 1894 mwenyewe hayupo. Baadaye ikauzwa, chini ikawa dispensari, juu watu wakapanga. Baada ya Mapinduzi ikaingia mikononi mwa serikali, ikachakaa vibaya, hadi Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoitengeneza miaka ya 1990 na kuifanya kituo cha utamaduni. Sasa turudishe ipi? Nia ya Topan au vyumba vya wapangaji?

Nyumba zetu za mawe zimezoea kubadilishiwa kazi. Duka huwa ghala, ghala huwa madrasa, na ukuta haudhuriki. Kinachoudhuru ni nyumba kuachwa tupu, paa likivuja bila mtu wa kupanda kuziba. Kingine ni sementi, na hapa ndipo ninapokasirika. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na yale yanayopanda kutoka chini, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukiupaka sementi, maji hukwama ndani. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, chokaa katikati ya mawe hugeuka vumbi, na vichwa vya boriti za mikoko huoza humo ukutani usivione. Kwa nje kuta zinang'aa, mwenye nyumba anashukuru. Sementi ni ngumu kweli, lakini ukuta ule hauhitaji ugumu.

Lipo linalonisumbua bado. Nikikwangua tabaka za chokaa nifike kwenye jiwe, nafuta rangi walizochagua watu walioishi humo. Nikiziacha, siuoni ufa ulio chini yake. Mara nyingi nakwangua, na roho haitulii.

Kijana nikamchukua hadi nyumba ya uchochoroni iliyopakwa sementi. Nikamwambia agonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama debe tupu.